Kunyoosha Stenlesi

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha maziwa pale Musoma, miaka ile ambayo hata kipande cha sabuni ulikipata kwa kujuana. Nilichoka miaka hiyo, na sijui kama nimepumzika tangu hapo.

Shafti ya mashine ya kukorogea maziwa ikapinda. Ilikuwa ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na nyingine ilikuwa ng'ambo huko, wakati nchi haina fedha za kigeni. Meneja akasema mashine ikilala, kiwanda kinafungwa. Wafugaji wa Bunda na Butiama walishaanza kurudi na maziwa yao.

Mwenzangu, mzee wa Kiriba, mbishi kunishinda hata mimi, alikataa kuigusa shafti. Alitaka tujaribu kwanza. Tukakata vipande vya bomba bovu la stenlesi, tukavipinda kama ilivyopinda shafti, tukavipasha moto wa gesi upande uliobinuka, na kuchora kwa chaki sakafuni jinsi kila kimoja kilivyokwenda. Cha kwanza tulikitia maji kama mhunzi anavyofanya jembe, kikajikunja ovyo. Vilivyofuata tukaviacha vipoe vyenyewe, vikanyooka. Kazi yenyewe inachosha, na meneja haishi kuja mlangoni kuuliza tunacheza mchezo gani.

Siku ya shafti ilipofika, ilivyozidi kuwa nyekundu ndivyo ilivyozidi kupinda. Meneja akaagiza nyundo, nami nikaishika. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa na watoto, na kibarua changu nilikiona kinaota nyasi.

"Mura, kijana, weka chini hiyo nyundo," mzee akaniambia. "Si uliviona vile vipande? Hiki chuma kinapindaga zaidi kwanza. Kikipoa kinarudi chenyewe."

Tukangoja. Ikarudi, karibu sawasawa na michoro yetu ya chaki. Maziwa yakapokelewa tena, na mimi nikaenda nyumbani Makoko kulala bila kula.

Baadaye likaja soko huria, kiwanda kikauzwa, tukaambiwa kazi zetu zinaisha Ijumaa. Meneja alitukusanya uani akatuomba tuvumilie. Alisema hali itakuwa mbaya zaidi kwanza, kisha itanyooka yenyewe.

Mzee hakupandisha sauti. "Sisi tulijaribu kwenye vipande kwanza," alisema. "Hii nyie mlijaribu kwenye nini?"

Kazi ya meneja nayo ilikuwa inaisha Ijumaa hiyohiyo.