Vitambaa vya Mkono wa Kushoto

Kiharusi kilipompata dada yangu mkubwa, kilimwachia maneno yake yote kikamnyang'anya mkono wa kushoto. Mkono wenyewe upo, ila hausikii kitu. Alikuwa ameshona nguo Bungoma maisha yake yote. Mimi ni mwalimu Kitale, na sijawahi kushona kitu zaidi ya vifungo.

Mama wa mazoezi ya viungo pale kliniki alituambia ule mkono uguswe kila siku kwa vitu tofauti, vya kukwaruza na vilivyo laini, huenda ukaamka. Nikaamua kumtengenezea blanketi la viraka, kila kiraka na mguso wake. La pamba tupu, kwa sababu tangu augue, nailoni ilimwasha.

Jumamosi ya kwanza nilimpelekea vipande vitatu vya dukani. Alivisugua kwa vidole vya kulia, akachomoa uzi mmoja, akaniambia niuchome kwa kiberiti. Uzi ukajikunja, ukawa kidonge cheusi kigumu.

"Pamba haiyeyuki," akasema. "Inaungua kama karatasi, inabaki jivu. Mwalimu mzima, ati umeuziwa plastiki."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri, na bado kulikuwa na nguo zake za kufua na chakula cha kupika.

Wiki iliyofuata nilisahihisha mitihani mpaka Ijumaa jioni, na asubuhi nikapita kwenye mitumba ya Kitale kabla ya kushuka Bungoma. Nilifumba macho ili nivisikie vitambaa kwa mikono tu. Nikasimama hivyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

"Mama, ni kununua ama ni kulala?" muuzaji akaniuliza.

Kwa kweli sikuwa mbali na usingizi. Nilichukua shuka lenye mistari iliyoinuka, taulo jembamba la jikoni lenye vishimo kama sega la asali, na suruali ya kodrai, kile kitambaa kinene cha mifereji.

Dada alikubali viwili. Kodrai aliisukuma kando. "Hii ni nzito, bana. Huku si Kitale kwenye baridi. Unataka nipikike?"

Baada ya kumwogesha, nilimwekea shuka chini ya vidole vya kushoto.

"Unasikia?" nikauliza, kama kila nilipokuja.

"Nasikia. Iko na mistari."

Lakini alikuwa akiitazama. Nikamfunika macho kwa kiganja, nikaondoa shuka polepole, nikaweka taulo.

"Na sasa?"

"Mistari," akasema.

Nikaondoa kiganja. Akaona taulo.

"Dada, nimechoka," nikasema, na papo hapo nikaona aibu.

"Hata mimi nimechoka. Nimechoka kukudanganya kila wiki. Ukiingia tu kwa mlango unaangalia huu mkono kabla uniangalie mimi."

Ilikuwa kweli. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake. Nilitamani kulala palepale, kando yake, nguo na viatu mwilini.

"Huu wacha upumzike," akasema baadaye. "Nitengenezee blanketi ya huu mwingine. Huu wa kulia unajua vitambaa."

Basi tukaanza upya. Akanituma niloweke vitambaa vyote kwenye maji moto, virudi na kunywea kabla ya kushonwa, si baada. Vilipokauka alikaa mezani, akaniambia niulaze mkono wake wa kushoto juu ya kitambaa kisiteleze, kisha akakata kwa wa kulia. Mkasi ulimchosha haraka. Alikata viraka vinne, akapumzika, akakata viwili. Mimi nilibana pini, na mara mbili alinifanya nizichomoe nianze tena.

Ilituchukua Jumamosi nyingi. Mkono haukuamka, na sasa simuulizi tena. Blanketi lilitoka dogo, upande mmoja umepinda, na huo upande uliopinda niliushona mimi peke yangu. Jumamosi mchana dada huliweka magotini na kupitisha vidole vya kulia juu ya vile vishimo, akinieleza nilivyoharibu mshono, na mimi humsikiliza nikiwa nimeegemea ukuta, macho nusu yamefumba.