Mzizi wa kumi na mbili

Pale Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi huku Zambia, sheria ya mama ilikuwa moja: binti hatoki nyumbani peke yake. Kwa hiyo kila jioni nilitoka na yaya, dada yangu mukubwa, kuteka maji. Kwenye kona yaya alikata njia kwenda kwa kijana mupenzi wake, na mimi nikabaki na ndoo zetu zote.

Basi mwalimu alipotufundisha kurahisisha mizizi ya hesabu, yaani vipeuo vya pili, sikusumbuka. Kumi na mbili ni mbili mara mbili mara tatu. Zile mbili zinatoka pamoja kama mapacha, lakini inje unaandika pacha mumoja tu. Tatu haina mwenzake, inabaki ndani ya mzizi.

Siku ya wazazi mwalimu, Mubemba asiyejua Swahili, aliniita ubaoni niwaelezee wazazi wetu ule mzizi kwa Swahili. Kusikia namba tu, walikunja uso. Mudomo ukaniwasha.

“Ni kama mimi na yaya tukienda kuteka maji,” nikasema. “Tunatoka wawili, lakini kwenye pampu munaona mumoja.”

Wazazi walicheka, mwalimu akapiga makofi. Mama hakucheka. Hesabu hakusoma hata siku moja, lakini hii aliielewa upesi. Tangu jioni ile nilienda kuteka maji na yeye, na yaya akawa ile tatu.