Kidole cha Tumpe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Kilolo, nilikuwa mjuaji wa kupindukia. Kila mwiko aliousema Bibi, mimi ndiye niliyekuwa askari wake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: kitu kichanga shambani usikinyooshee kidole, kitaoza. Ukitaka kumwonyesha mtu boga lililotunga, unakunja ngumi. Nilikunja ngumi hata kwa maboga ya jirani, nisije nikaambiwa nimeyaroga.

Mwaka huo Shangazi, aliyekuwa ameolewa Mbeya, alifariki, na mtoto wake Tumpe akaletwa kwa Bibi. Alikuwa na miaka sita, Kihehe hajui hata salamu, anashinda kajiinamia tu. Bibi naye alikuwa ametoka kumzika binti yake, hakuwa na maneno mengi siku zile. Alitugawia mbegu za alizeti, kila mmoja kiganja chake, akatuonyesha tuta nyuma ya jiko, akasema tupande wenyewe.

Baada ya wiki hivi zikaota. Jamani, ile furaha! Miche ilitokeza imebeba maganda ya mbegu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu aje, Tumpe alicheka. Akakimbia kando ya tuta anahesabu, kidole kimenyooka: moja, mbili, tatu. Nilimpiga kofi mkononi, lakini alikuwa ameshafika kumi na moja.

Kesho yake asubuhi miche karibu yote ilikuwa imelala chini, imekatika palepale inapotokea ardhini.

"Umeiua wewe," nilimwambia, "wewe na kidole chako."

Tumpe aliuvuta mkono wa kulia ndani ya sweta, na haukutoka tena. Siku mbili alikula ugali kwa mkono wa kushoto. Bibi alipomgombeza kwa hilo, akaacha kula kabisa. Mimi sababu naijua, na nimekaa kimya kama sipo. Siku ya tatu Bibi alimpakata, akamuuliza polepole, na alichosema Tumpe kilinikata maini.

"Hospitali nilimwonyesha Mama kwa kidole, Bibi. Nesi aliniuliza mama yangu ni yupi."

Bibi alituchukua wote wawili mpaka kwenye tuta, akapiga magoti kwa shida, akachokonoa udongo kando ya shina moja lililokatika. Akatoa funza mnene wa kijivu, amejikunja. Alisema huyo anaitwa sota, ndiye anayekata miche usiku, na amemsumbua tangu yeye mwenyewe ni msichana. Akafukua mwingine, na mwingine, akawarushia kuku.

"Mama yako alichukuliwa na ugonjwa," alimwambia Tumpe. "Wewe ulimwonyesha ili atibiwe."

Akautoa ule mkono ndani ya sweta, akakishika kidole chenyewe, akakichomeka ardhini hadi kiungo cha kwanza, akadondosha mbegu kwenye shimo. Wakaenda hivyo tuta zima. Mimi nilifuata nyuma nafukia na kunyunyiza majivu ya kuwafukuza sota, machozi yananitiririka. Bibi aliniona, wala hakunigombeza. Jioni hiyo Tumpe alikula ugali kwa mkono wake wa kulia, akaomba aongezewe.

Alizeti zile zilitupita wote kwa urefu. Bibi, kwa upande wake, hakuuacha mwiko. Mpaka anafariki alikuwa akikunja ngumi mbele ya maboga, na zamani nilimwona kigeugeu. Sasa mimi ni mama, nina bustani yangu hapa Iringa mjini, na simwoni hivyo tena. Aliupenda mwiko wake kwa dhati, ila alimpenda mtoto zaidi, na ulipotaka kumwelemea mtoto aliuweka pembeni bila kujishauri. Utotoni sikujua kwamba hayo mawili yanawezekana pamoja.

Mwaka jana, nikipanda alizeti na binti yangu, moyo ulinisuta. Nikampigia simu Tumpe, ambaye siku hizi anaishi Mbeya, nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile, nikamwambia kidole chake hakikuua kitu.

"Bibi nilimwamini, dada," alisema. "Ila nilikuwa nangoja kulisikia hilo kwako."