Kilo Sifuri za Bustani

Mama Fagio alifua shuka za hospitali miaka thelathini. Alipostaafu akakosa cha kufua, basi akaigeukia bustani ya jiji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kila Jumamosi kwa miaka sita, akituburuta na sisi wa mtaani kuokota chupa, mifuko na vitu ambavyo sivitaji mbele ya wanaokula. Mimi fundi mwashi alinikuta nimelala kwenye benchi. "Wewe, miguu juu, nipite!" Sijui ilikuwaje nikajikuta na gunia mkononi.

Miezi michache nyuma, sindano iliyotupwa majanini ilimchoma kidole. Vipimo vilitoka salama, lakini binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwekea sharti mbele yetu sote.

"Mama, bila glavu nene huokoti tena. Niahidi."

Akaahidi, na yule haahidi ovyo. Glavu zenyewe bei yake si ya watu wa kujitolea kama sisi, wenye migongo tu. Ndiyo maana tukaomba mfuko wa jiji unaofadhili vikundi vya usafi. Ofisa angekuja kutukagua Jumamosi saa tatu asubuhi.

Sasa ona tulivyojipalia makaa. Ijumaa mchana Mama Fagio alisimama katikati ya bustani, mikono nyuma, akitufokea: "Mgeni haingii nyumba chafu! Pale! Na pale!" Tukafagia mpaka chini ya vichaka. Jioni lori la taka likabeba kila kitu.

Asubuhi ofisa akashuka kwenye pikipiki akiwa na mizani ya kuning'iniza.

"Taka ziko wapi?"

"Taka gani tena, baba? Tumeshasafisha," Mama Fagio akajibu kwa fahari.

"Mama, mimi napima kilo. Zisipofika sitini, hampati kitu. Fomu yangu ina kisanduku cha kilo, haina cha usafi."

Nilimwona Mama Fagio akificha kile kidole kwenye kiganja, na sikungoja zaidi. Nikakamata toroli, nikapitia nyuma ya choo, nikavuka barabara mpaka nyuma ya soko, nikarudi na magunia manne ya taka nikihema.

"Hizi tulizisahau nyuma ya choo," nikamwambia ofisa. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Akaning'iniza la kwanza. Kumi na tano. La pili, la tatu. La nne lilipotua chini hesabu ilikuwa sitini na tatu. Kalamu ikashuka kwenye kisanduku. Wenzangu wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mama Fagio akafungua gunia moja, akachungulia.

"Baba, usiandike."

"Mama, nyamaza," nikamnong'oneza. "Ni glavu zako hizi!"

"Haya ni maganda ya vitunguu. Bustanini hakuna anayemenya vitunguu." Akamgeukia ofisa. "Taka zetu zilikwenda jana. Andika ulichokikuta."

Ofisa akaandika sifuri, taratibu, kama mtu anayeumwa meno, akaondoka.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Nilimsomea Mama Fagio mimi: ombi limekataliwa, kwa kuwa bustani imekutwa safi na haihitaji ufadhili. Nilitaka kuichana. Nilimkasirikia, nikajikasirikia mimi zaidi.

"Rudia hapo pa safi," akasema.

Nikarudia. Akaikunja barua, akaitia kwenye pochi.

Jumamosi iliyofuata tulifika watu wanne tu. Upepo ulikuwa mkali. Karatasi moja ilikuja ikibingirika kwenye majani mpaka miguuni pa Mama Fagio, nikamwona mgongo wake ukianza kuinama wenyewe kwa mazoea. Akajizuia. Akaikanyaga isipeperuke, akasimama pale pale, mikono nyuma, akinisubiri nifike.