Samaki aliyeninyamazisha mbele ya baba mkwe

Leo nimenyamazishwa na samaki. Mimi, niliyefika hadi Lusaka.

Niliazima kwenye maktaba ya hapa Sumbawanga filamu ya viumbe wa Ziwa Tanganyika, nimwoneshe baba mkwe. Mzee kavua Wampembe, kando ya ziwa hilohilo, maisha yake yote.

Samaki mmoja akameza vitoto vyake.

Nikajitia mtaalamu. "Baba, huyo anakula wanawe."

"Najua, mkwe. Nimewakuta navyo mdomoni mara nyingi. Mama mbaya huyo."

Mara samaki akavitema, vizima, vinaogelea. Kumbe alikuwa anavificha.

Mzee akanigeukia. Halafu: "Nimewatoa majini wangapi, wakiwa wamebeba watoto?"

Nyie mngemjibu nini?

Dada wa maktaba, najua leo ndiyo siku ya kurudisha. Nivumilie. Mzee anaomba tuirudie pale anapovitema.