Ukuta wa Honorine

Mwaka 2003, Floribert na mke wake Honorine, waliokimbia vita kutoka Kpandroma, walijijengea nyumba ya matofali mabichi kule Ngezi. Kwa mvua na baridi ya Julai, udongo ulikataa kukauka. Kuta nne ziliposimama, afisa wa shirika la misaada alikuja kugawa shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kuezekea.

"Mukubwa, siye tunalala na baridi, hatuna paa," Floribert alimwambia.

"Lakini muko na kuta. Shitingi iko ya wale wenye hawana nyumba."

 Honorine alizunguka nyuma, akausukuma ukuta mmoja kwa bega mpaka ukaanguka.

"Sasa andika," alisema.

Afisa akaandika kwa makini: familia isiyo na nyumba. Juma lile waliujenga ukuta upya, safari hii pakavu, chini ya shitingi.