Mawe ya Kuzungushia Mahindi

Shule niliacha mapema, lakini kinu cha kusaga mahindi hapa Saboti nilijenga mwenyewe, na uwanja wake nikautia simiti bila kusaidiwa na mtu. Mke wangu Nekesa alikuwa anakaa mlangoni akipokea wateja.

Jioni moja tulitoka maziko Bungoma kwa pikipiki yangu. Mimi nilivaa helmeti. Yeye alikataa ya kwake. "Nikitoa hiki kilemba wamama watasema nimetoka shambani." Tulicheka, nikaining'iniza kwa pikipiki.

Jirani yetu Wanjala alikuwa ameanika mahindi juu ya lami, kama wengi hapa wakati wa mavuno. Wanazungushia mawe makubwa ili magari yasikanyage. Giza likiingia akakusanya mahindi, akaacha mawe. Karibu tufike nyumbani lori ilikuja na taa kali, nikajisongeza kando. Gurudumu la pikipiki likapanda jiwe, tukaanguka.

Nilisikia mfupa wa mguu ukivunjika kama muwa. Nekesa alilala upande ule mwingine, damu ikimtoka masikioni. Nilimwita. Hakuitika.

Hospitalini mguu ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta. Daktari akasema, "Mzee, tukate sasa ama uzikwe nao." Nikamwambia akate. Mke wangu alizikwa mimi nikiwa kitandani. Sikumtupia hata mchanga.

Wanjala alikuja kuniona na jogoo. "Baba Simiyu, si kila mtu anaanika hapo? Mawe ni ya kulinda chakula, bana."

"Rudi na jogoo wako."

Polisi walimshitaki. Wazee wa ukoo wakanijia, ati tumalize nyumbani. Niliwaambia nimemsamehe kanisani, lakini kortini nitasema nilichoona. Hakimu alimwambia sheria ya barabara si ya wenye magari peke yao. Inamshika anayeendesha, anayebebwa, anayetembea, na anayeweka kitu njiani. Aliposema anayebebwa, niliona ile helmeti ikining'inia. Wanjala akatozwa faini.

Kutembea na magongo nilijifunza kwa kuanguka, kisiki cha mguu kikitoa usaha, binti yangu akinishika kiuno kama mtoto. Sasa nasaga tena.

Msimu huu Wanjala alisimama getini na gunia. "Nimekosa pa kuanika." Nikamwonyesha simiti. Mahindi yake yanafika mpaka mlangoni, pale Nekesa alikuwa anakaa. Hatuongei sana.

Namshukuru Mungu, daktari aliyekata, na binti yangu. Wewe unayesoma, vaa helmeti hata kama unaenda hapo tu, na abiria wako avae. Jiwe ukilikuta kwenye lami, litoe, hata kama si lako. Mimi nikilikuta nasimama, nalisukuma na gongo pole pole mpaka litoke.